Nota ya Mwisho ni ya Ashatu

Nyimbo za kale hazikuwa na neno. Ubaya ulianzia kwenye wimbo wa Mina.

Jumanne ile, baada ya alasiri, kwaya ilikuwa ukumbini Bagamoyo ikijiandaa kwa onyesho. Mwalimu Mina alikuwa amelipanga kwa namna yake: kila wimbo wa Ulaya wa miaka mia tano iliyopita aliufuatishia wimbo mpya wa mtunzi aliye hai, watu wasikie wa kale na wa leo wakijibizana. Mtunzi wa wimbo wa kufungia alikuwa yeye mwenyewe. Miaka sita alikuwa ameufutafuta na kuuandika upya, na hadi siku ile ulikuwa haujaimbwa na mtu.

Waliimba wa Kilatini, ukaisha vizuri. Wakaimba wa Mina. Alipofunga mkono katikati ili awasahihishe, waimbaji ishirini na wawili walinyamaza, na sauti moja ikaendelea. Ilijikokota kidogo nyuma ya safu ya besi, kisha ikakatika.

"Vishal, mkono wangu huuoni?"

Vishal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na besi nene kuliko wote, alikuwa ameshageuka. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mtupu.

"Si mimi, mwalimu," alisema kwa kisauti kisichomfaa mtu wa mwili ule. "Na mbona kunanukia marashi?"

Kweli kulinukia, marashi ya mawaridi, tena mengi. Wenzake wakamzulia Vishal mchumba wa siri, wakacheka, na Mina naye akacheka.

Alhamisi hakucheka mtu. Ashatu, soprano wa miaka ishirini kutoka Makurunge, alisimama peke yake kuanzisha wimbo wa Mina. Lahani ya wimbo huo Mina aliiokota utotoni huko Kaole, kwa bibi yake, Bi Shaikha, aliyekuwa akiivumisha kinywa kimefumba kila akikuna nazi. Ashatu aliimba nusu ya mstari vizuri, kisha shingo ikamsimama, macho yakapinda juu, marashi yakarudi mazito ya kukaba, na katika kinywa cha binti yule mwembamba ikatoka sauti ya mwanamume mzee, tulivu, ya mtu aliyepiga hodi akafunguliwa.

"Nani kaniita? Tangu Shaikha afe sijaitwa. Kiti hiki kizuri. Nitakikalia."

Ashatu akaanguka. Alipozinduka alikuwa mzima wa viungo, ila sauti haikuwepo. Alifungua kinywa, ikatoka pumzi tupu. Onyesho lilikuwa limebakiza siku tisa.

Kesho yake Mina alikwenda Mapinga kwa Bi Sada, mganga aliyekuwa shoga wa bibi yake. Nyumba ya Bi Sada siku hizi imebanwa na mageti ya watu wa Dar, na mwenyewe alikuwa mbele ya runinga, hapendi kukatizwa tamthilia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema upesi, hawa wanakaribia kuachana."

Mina akaanza kuivumisha lahani. Hakufika mbali. Bi Sada alimziba mdomo kwa kiganja, akazima runinga.

"Nyamaza! Kila jini ana wimbo wake wa kuitwa, na huo ni wa jini la bibi yako. Shaikha alikuwa kiti chake miaka thelathini. Jini akitaka kupanda kichwani anapanda, na hakuna wa kumwuliza. Leo wewe umeutia kwenye makaratasi ukawagawia watu!"

"Sikujua, bibi."

"Ndiyo nakwambia ujue. Mmemwita hamkumaliza, naye kashika sauti ya mtoto. Mkimwimbia mpaka mwisho atairudisha, lakini atamkalia maisha yake yote. Msipoimba, ataondoka nayo. Mimi ningeyachoma makaratasi, heri binti aishi bubu kuliko kuishi na jini kichwani."

Mina aliogopa. Lakini alimkumbuka bibi yake akiongea peke yake jikoni, akijibiwa, na hasira ikamkaa juu ya woga.

"Alimtumia bibi yangu mpaka kaburini. Huyu hampati."

"Majini hayabishiwi, wewe!"

"Sauti anairudisha lini, bibi? Kabla ya nota ya mwisho au baada?"

"Kabla. Anairudisha ili wimbo ukamilike. Ikishaimbwa ile ya mwisho, ndipo anapoketi."

"Na isipoimbwa?"

"Atakuwa ameachia, na kiti hana. Lakini hajatokea mtu wa kukataa. Pale wimbo unakuwa mtamu, kinywa kinajifungua chenyewe."

Siku tatu Mina hakutoka ndani. Alizitandaza nyimbo za kale mezani. Watunzi wa kale walikuwa na mchezo wao: walichukua lahani ya mitaani, wakairefusha nota baada ya nota, wakaificha chini ya sauti nyingine hata mwenyewe asiitambue. Mina akaikata lahani ya bibi yake vipande, kila kinywa nota moja, asipate jini kichwa cha kutulia. Nota ya mwisho akaandika: Ashatu.

Alimpelekea mwenyewe, akamweleza yote. Ashatu akaandika kwenye simu: Na nikishindwa?

"Nitakuwa nimekuponza, na sitajisamehe. Ukitaka tuache, nayachoma makaratasi leo."

Binti akaandika tena: Sauti ni yangu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wimbo wa Kilatini ukaisha, wa Mina ukaanza, na marashi yakaingia pamoja na nota ya kwanza, yakapita safu ya alto, yakapita teno, na kila aliyefikiwa alihisi vidole baridi vikimpapasa koo halafu vikimwacha kwa pupa kumkimbilia mwenzake, Vishal akafumba macho huku jasho likimtiririka na besi yake haikutikisika, na Mina aliona nywele za Ashatu zikiinuka polepole kama mtu anazishika kwa nyuma, na bado hakushusha mkono.

Wakafika. Wote kimya. Ashatu akavuta pumzi, na Mina akaisikia, sauti, imerudi, imejaa kifuani mwa binti, imebakiza nota moja tu ifike midomoni. Uso wake ulikuwa na raha ya kutisha. Midomo ikaanza kufunguka.

"Ashatu," Mina alinong'ona.

Binti akamtazama. Machozi yakamtoka, meno akayauma.

"Siimbi!" alisema, kwa sauti yake mwenyewe, mpaka waliosimama mlangoni wakasikia.

Nyuma ya besi kitu kikagonga ukuta kwa kishindo, na chokaa ikadondoka. Watu wakadhani ndivyo ulivyotungwa, wakapiga makofi. Mina alimkumbatia Ashatu palepale jukwaani akilia bila haya.

Bi Sada aliwashauri wauzike wimbo ule. Hawakumsikiliza. Wanauimba bado, kila onyesho, mwisho kabisa. Ashatu akifika pale anautazama ukuta wa nyuma, anafunga mdomo, na marashi yananukia kidogo.

"Bado yupo, mwalimu," Vishal humnong'oneza.

"Mwache asubiri," Mina husema, akakusanya makaratasi yake.