Neno Moja kwenye Dumu Jeupe

Kila jioni, tukishamaliza kuosha vyombo, mimi na mama tulikuwa tunasoma. Mama aliifuta meza, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, akanikabidhi penseli. Mwalimu nilikuwa mimi. Mihula mitatu mfululizo nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, na jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa ameshasahau jina langu. Aliniita Profesa, nami niliitika bila haya hata kidogo.

Mama alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mitaa miwili tu kutoka shuleni kwetu. Kwa miaka tisa alikuwa akikunja mashuka, na mgongo wake ulikuwa umechoka. Mwezi ule mzee wa stoo alistaafu. Msimamizi akamwambia mama kwamba stoo itakuwa yake, mradi aweze kusoma maandishi ya kwenye madumu ya dawa za kufulia. Yote yalikuwa ya Kiingereza. Mama akayanakili kwenye karatasi, herufi moja moja, akaniletea.

Mistari mingi ilianza kwa neno "keep". Nilimwambia papo hapo kwamba maana yake ni "weka", basi. "Keep closed", liwekwe limefungwa. "Keep cool", liwekwe mahali pasipo joto. Mama alikariri huku akitikisa kichwa kukubali, nami nikajiona mkubwa kweli.

Kidole chake kikashuka hadi mstari wa mwisho, alioutoa kwenye dumu jeupe la dawa ya kung'arishia mashuka. Ulisema, "Keep apart from acid." Neno la mwisho mama alilijua kwa sura, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye dumu la buluu, lile la dawa ya kuondoa kutu. Alichotaka kujua ni yale maneno ya katikati.

Sikuyajua. Hilo "apart" sikuwahi kuliona popote. Kamusi ilikuwa shuleni, imefungiwa kabatini, na mama alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayeamini kabisa.

"Weka pamoja," nilisema.

Mama akaandika. Kisha akacheka, akasema kumbe mzee wa stoo miaka yote alikuwa akikosea, maana aliliweka dumu moja pembe hii na jingine pembe ile, akapoteza nafasi bure. Kesho ndiyo ingekuwa siku yake ya kwanza kushika ufunguo. Baada ya chai ya saa nne angeipanga stoo upya. Dawa ya dumu la buluu ilikuwa imebaki kidogo tu, angeimiminia ndani ya jeupe, na msimamizi angejua kwamba safari hii amepata mtu wa kazi.

Nilijua nimebahatisha. Lakini nilijiambia kwamba hata kama nimekosea, ni kosa la kupigiwa mstari mwekundu tu, na nani angempigia mama mstari mwekundu? Nikaenda kulala.

Asubuhi wasiwasi ulikuwa bado haujaniachia. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na kopo mezani kwake. Ukikutana na neno la Kiingereza mtaani, dukani au popote, uliliandika kwenye kikaratasi ukalitumbukiza humo, na yeye angelifundisha. Niliandika "keep", na chini yake "keep apart", nikatumbukiza bila kuandika jina. Sikutaka mtu ajue kwamba Profesa ana swali.

Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, na hakupenda kutulisha maana mdomoni. Alipenda tuziigize. Aliandika "keep" ubaoni, akauliza maana yake. Nilijibu kwanza, kama kawaida yangu, kwamba ni "weka". Akasema ni kweli, mara nyingine.

"Keep quiet," alisema, akaweka kidole mdomoni. Tukanyamaza. Akatuuliza ni nani kati yetu amewekwa mahali popote. Kisha akamtembeza kiranja kutoka mlangoni hadi dirishani. Kila kiranja alipotaka kusimama, mwalimu alimwambia, "Keep walking," naye akaendelea kutembea, mpaka darasa zima likawa linacheka.

"Neno hili haliishi peke yake," mwalimu alisema. "Ukitaka kulijua, tazama limekaa na nani. Na kama humjui huyo liliyekaa naye, uliza."

Halafu akasoma mstari wa chini wa kikaratasi changu. Akawainua wasichana wawili wa dawati la nyuma, wale wasioacha kunong'ona, akampeleka mmoja mlangoni na mwingine kwenye dirisha la mbali. "Keep apart," aliwaambia. "Kaeni mbalimbali. Msikaribiane."

Darasa lilicheka. Mimi niligeuka kutazama ukutani. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika tano.

Najua nilichopaswa kufanya, na naona aibu kusema kwamba sikukifanya mara moja. Mwalimu aliuliza ni nani aliyeleta neno lile. Niliinamia daftari. Nilifikiri pengine chai itachelewa, pengine mama atasahau. Nilifikiri pia jinsi watakavyonicheka. Mshale wa saa ulisogea nikiuona kwa macho yangu. Saa nne ilipotimia, nilisimama.

Nilimweleza mwalimu mbele ya wote. Hakunigombeza. Alichukua simu yake akapiga namba ya mama, ikaita hadi ikakatika, na hapo nikakumbuka kwamba wafanyakazi wa kufulia huacha simu zao getini. Mwalimu akamwachia kiranja darasa, akanishika mkono, tukakimbia.

Sijawahi kuona mitaa miwili mirefu namna ile. Kila gari lililotupita nilidhani linampeleka mama yangu mochwari. Getini mlinzi alitaka tuandike majina kitabuni. Mwalimu alimwambia mtu anaweza kufa humo ndani, na mlinzi akatupisha. Tulipita katikati ya mashine zinazonguruma, kwenye mvuke na harufu ya sabuni, na kabla hatujafika stoo nikasikia kikohozi. Nilikijua ni cha nani.

Mama alikuwa amepiga magoti kati ya madumu mawili yaliyo wazi, na lile la buluu lilikuwa bado mkononi mwake. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Harufu kali ilinichoma puani.

"Mama, acha, nilikudanganya," nilipiga kelele. "Sijui maana yake. Sikujua."

Mwalimu alinisukuma nyuma kwa nguvu. Msimamizi alikuja mbio, akaziba pua kwa taulo lenye maji, akamvuta mama nje kwa mabega, akaufunga mlango wa stoo na kuamuru kila mtu atoke aende uani.

Bahati yetu tulikuwa hospitalini. Walimvalisha mama kifaa cha kupumulia, nami nilikaa nje ya pazia nikisikiliza pumzi yake inavyokwaruza. Niliihesabu. Kila ilipokawia kidogo, nilisogeza pazia nikachungulia. Sijawahi kuogopa vile, na kibaya zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu mwingine wa kumlaumu.

Alasiri daktari alisema kwamba dawa zile mbili zikichanganyika hutoa hewa ya sumu, kwamba mama alikuwa amemimina kidogo tu, na kwamba kama mama angechelewa kutolewa kwa dakika chache zaidi, yeye daktari angekuwa anatuambia habari nyingine. Msimamizi naye alisimama pale akikunja kofia yake, akakiri kwamba lilikuwa jukumu lake kumfundisha mama kazi ya stoo, si kumwachia maandishi ayasome peke yake. Mimi sikupata nafuu kwa kusikia hivyo.

Mama aliniita ndani. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti imekauka. Nilitegemea anigombeze, na nadhani ningefurahi kama angenigombeza.

"Mwanangu," alisema, "ungeniambia hujui, ningemuuliza msimamizi, na mambo yangeishia hapo. Sikuwa natafuta profesa. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia kweli. Kutojua si kosa. Kosa ni kumpa mtu jibu la kubuni, naye akaenda kulifanyia kazi."

Nililia mpaka muuguzi akaniletea maji.

Baada ya wiki mbili mama alirudi kazini. Msimamizi alitembea naye stoo nzima, dumu moja baada ya jingine, kisha akampa ufunguo. Jioni ile mama aliifuta meza, akavaa miwani, akatandaza karatasi mpya. Kidole chake kilisimama kwenye neno refu la mstari wa tatu, akanitazama.

Nililitazama neno lile. Ulimi ulianza kuwasha, nikauzuia.

"Sijui, mama," nilisema.

Mama aliandika alama ya kuuliza kando ya neno, kubwa na nyeusi, ili kesho tusisahau kumuuliza mwalimu. Kisha akanirudishia penseli. "Sasa," alisema, "umeanza kuwa mwalimu."