Jaribio la Shamsia

Jumanne, tarehe 6 Mei 2025. Asubuhi hiyo manyunyu yaliishusha milima ya Usambara hadi karibu na mapaa ya Korogwe, au ndivyo Shamsia alivyoona akikimbilia duka la fotokopi kando ya stendi, dera lake la zambarau limelowa pindoni.

Notisi za mbinu za utafiti ilibaki nakala moja. Mkono wa mwanamume uliishika pamoja na wake.

"Chukua, dada. Ila ukielewa unifundishe."

"Nisipoelewa?"

"Tufeli pamoja."

Aliitwa Rehani, mkulima wa mahindi kutoka Handeni, mwenye shati jeupe na viatu vyenye udongo mwekundu. Alisoma masomo ya jioni kama Shamsia, fundi cherehani. Wote walishapita umri wa kuitwa wanafunzi.

Wakawa wanakaa barazani pa chuo baada ya swala ya magharibi, taa hafifu, harufu ya udongo uliolowa.

"Nikilinganisha shamba langu na la jirani baada ya mavuno, naona tofauti tu," Rehani alieleza. "Sijui iliyoileta ni mbolea au udongo. Ila nikiligawa langu kwa kura, upande huu mbolea, ule bila, hapo nafanya jaribio."

Shamsia alisikia nusu. Nusu nyingine ilikuwa ikielea kwenye sauti yake.

Wakawa wapenzi, lakini shaka ikamwingia Shamsia. Siku za darasa Rehani alipiga simu: "Umekula, mpenzi?" Siku nyingine, kimya. Ananipenda mimi au notisi? Na mjomba Semboja alitaka jibu Ijumaa: mfanyabiashara wa Mombo alikuwa ameleta posa.

Akaomba dua, kisha akaamua kumjaribu. Wiki hiyo hakwenda darasani wala hakumwambia. Akinipenda, atanitafuta.

Simu haikulia. Alhamisi usiku aliulowesha mswala kwa machozi. "Mola, nimekuelewa," alinong'ona.

Ijumaa asubuhi, akifunga kibanda chake cha kushonea ili aende kwa mjomba, Rehani akatokea, suruali imejaa tope.

"Mwalimu Edna kaniambia hujaonekana darasani. Unaumwa?"

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kijijini, mama kaugua. Simu ilitumbukia mtoni nikivuka."

Shamsia akaketi. "Nilikuwa nakujaribu."

Alipomaliza kueleza, Rehani alicheka, kisha kicheko kikakauka.

"Jaribio gani hilo, Shamsia? Umenyamaza wewe, na papo hapo mto umemeza simu. Utajuaje kimya changu kimeletwa na nini? Tena mtu hajaribiwi bila ridhaa yake."

"Na siku zisizo na darasa?"

"Niko shamba, bondeni. Mtandao haufiki. Ulitaka nipande mti?"

"Ungepanda."

"Ningepanda. Ungeniambia tu. Leo ningekupoteza, mpenzi."

Shamsia alikwenda kwa mjomba na kumwomba awajibu watu wa Mombo kwa heshima kwamba hapana. Jumapili mshenga wa Rehani akabisha hodi.

"Binti," mjomba Semboja aliuliza mbele ya wote, "unamridhia?"

Shamsia akainua uso. Akawatazama mama yake, shangazi zake na mshenga.

"Namridhia, mjomba. Na naahidi mbele yenu na mbele ya Mungu: sitampima tena kimya kimya. Nikiwa na shaka, nitamwuliza mwenyewe."