Debora Atasubiri

Jumamosi hiyo haikuwa na dalili yoyote. Pale Nyasho, Musoma, watu walikuwa wanaanua nguo, dagaa walikuwa wamekauka juu ya neti, na redio ya kinyozi ilikuwa inabishana na redio ya duka la jirani. Debora na mama yake walifika kutoka Butiama wakamkuta Clever, kaka yake Debora, anafagia chumba chake cha kupanga. Clever ni fundi simu. Kufagia si kazi yake.

"Leo umeshika ufagio," mama akasema. "Kweli kuna mgonjwa."

"Mtaalamu amesema pawe pasafi, mama. Na pasiwe na kelele."

"Basi wewe ungetoka."

Debora alicheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi.

Kilichomleta ni shule. Alikuwa kidato cha tatu kwenye shule moja ya bweni huko Bunda alipoanza kuanguka. Anaandika vizuri tu, mara kalamu inamponyoka, mwili unakauka kama ubao, anapiga kelele. Akianguka yeye, wasichana wengine wanafuata, mmoja baada ya mwingine, kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Waliombewa. Wenzake wakapona, yeye akabaki. Mkuu wa shule akamwambia mama kwa upole ampeleke nyumbani hadi awe mzima kabisa, lakini muhula mpya ukifunguliwa bila yeye, nafasi yake itachukuliwa. Nyumbani watoto walimwonyesha kidole kisimani: "Huyo ndiye anaangukaga." Debora hakutaka kitu kingine duniani ila kurudi darasani.

Clever ndiye aliyempata Dada Safina mtandaoni. Alikuwa anatibu watu kwa hipnosisi, yaani kumlaza mtu kwa maneno tu, kwa simu, popote alipo. Sauti yake ilikuwa laini, Kiswahili chake cha pwani. Kabla ya kuanza alimweleza Debora kila kitu, simu ikiwa kwenye spika ili wote wasikie.

"Usiogope, mdogo wangu. Utausikia mwili mzito, kama umetoka shamba. Hutazimia. Utasikia yote yanayosemwa, na ukiamka utayakumbuka. Hakuna atakayekulazimisha jambo usilolitaka. Na mtandao ukikatika, utaamka mwenyewe. Sawa?"

"Sawa, dada."

"Mama yupo? Mama, kuna jina analoitwa tangu mdogo, linalomtuliza? Nitalitumia akiwa ndani ya usingizi."

Hapo ndipo palipoharibikia.

Kwetu Butiama, mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee humtajia majina ya waliokufa. Jina atakalonyamazia ndilo lake, maana mwenye jina amekuja kumshika. Debora alilia hadi walipomtajia Nyangeta, bibi yake mzaa mama. Akanyamaza ghafla, wanasema, kama aliyezibwa mdomo. Lakini jina hilo lina mwiko wake. Mwenye nalo haitwi hilo jina akiwa amelala. Aliyelala anaitwa jina la ubatizo, au anaguswa mguu. Usingizini mlango uko wazi, na ukimwita marehemu hujui ni nani atakayeitika.

Mama aliujua mwiko huo kuliko wote mle chumbani. Ila swali liliulizwa na simu, kwa sauti ya kitaalamu, mchana kweupe, na Dada Safina alikuwa anasubiri.

"Mwite Nyangeta," mama akasema.

Clever akamtazama mama yake. Kisha akamvisha Debora spika za masikioni, na Debora akajilaza kitandani, akafumba macho.

Halafu sauti ikaja.

"Nyangeta. Shuka."

Mwili ukawa mzito, kama alivyoambiwa. Miguu kwanza. Halafu mikono. Halafu ulimi.

"Nyangeta. Shuka."

Debora alingoja sauti ipumzike, ivute hewa. Haikuvuta hewa.

Kwa mbali akamsikia kaka yake. "Mama. Simu imekata."

"Imekata vipi?"

"Imekata. Imejizima kabisa. Ona."

"Nyangeta," sauti ikasema masikioni mwa Debora. "Shuka."

Clever akamchomoa zile spika. Sauti haikukatika. Sasa ilikuwa inatoka chini, chini zaidi ya kitanda, chini zaidi ya sakafu. Alitaka kusema, "Nipo, niamsheni." Mdomo wake ukafunguka. Yaliyotoka hayakuwa yake.

Yalitoka kwa Kizanaki cha zamani, ambacho Debora hukielewa nusu tu. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, kavu, yenye kukwaruza.

"Mbona umechelewa na maji?"

Mama akaporomoka sakafuni.

Habari hiyo Butiama wanaijua, ingawa haisemwi mbele ya mama. Nyangeta alipougua mara ya mwisho, binti yake huyu alimwacha peke yake ndani, akamfuata mwanamume Buhemba kwenye machimbo ya dhahabu. Waliomkuta bibi walimkuta ameshika kibuyu kikavu.

"Mama," mama yake Debora akamnong'oneza mtu aliyelala kitandani. "Mama, ni mimi. Nimekuja."

"Mama, mwite jina lake," Clever akasema. "Mwite Debora."

"Nyamaza."

"Macho yake, mama! Ona macho yake!"

"Nyamaza wewe! Sijawahi kumuaga mama yangu. Ngoja kwanza niongee naye."

"Na Debora je?"

Mama alikuwa tayari anachota maji kwenye ndoo. Hakugeuka.

"Debora bado kijana. Atasubiri."

Utasikia yote yanayosemwa, Dada Safina alikuwa amesema, na hilo lilikuwa kweli. Debora alisikia. Alikuwa pale chini, kwenye giza lenye harufu ya majivu baridi, amekaza masikio kungoja jina lake. Neno moja tu, Debora. Angelishika kama kamba. Juu alisikia kata ikigonga ndoo. Akasikia koo lake mwenyewe likimeza, likimeza, likimeza. Akamsikia mama yake analia na kucheka. Akamsikia anaomba msamaha, anasimulia wajukuu, mavuno, ng'ombe waliouzwa. Kuhusu yeye hakusikia kitu.

Mwishowe ni Clever aliyepiga kelele. "Debora! Debora!"

Akaamka. Ndoo ilikuwa tupu. Clever alikuwa ameshika shavu, na alama za vidole vya mama zilikuwa bado zinaonekana.

Simu ikawaka yenyewe. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Dada Safina: "Samahanini sana. Mtandao ulikatika pale tu mama aliponitajia jina. Sikuwahi hata kuanza. Tupange siku nyingine?"

Clever alimtazama mama yake. Mama alikuwa anamfuta Debora midomo kwa ncha ya kitenge, taratibu, kwa heshima.

"Mwambie hatumhitaji tena," akasema.

Tangu siku ile Debora hakuanguka tena. Butiama nzima walishangaa, wakamsifu mama kwa imani. Mama mwenyewe alikuwa amenawiri, anaimba akipika. Chakula alimtengea Debora kabla ya baba. Alimwita mama, "karibu mama, pumzika mama," na waliosikia waliona ni mapenzi tu ya mzazi kwa binti yake.

Siku moja, wakiosha vyombo, Debora akamwambia, "Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Uliposema nitasubiri."

Mama akaendelea kusugua sufuria. "Ulikuwa usingizi tu, mama. Mtu akilala huota."

Shule ilipofunguliwa wakaenda Bunda. Debora alikuwa amefua sare yake mwenyewe. Ofisini mkuu wa shule alifurahi kweli, akaagiza chai, akauliza habari za Butiama.

"Huanguki tena?"

"Sianguki, madamu."

"Mungu mkubwa. Basi andika jina lako hapa, kidato cha tatu kinakungoja."

Debora akachukua kalamu. Akaiangalia karatasi. Mistari ilikuwepo, na vidoadoa vyeusi juu ya mistari. Vilikuwa vimepangwa kama siafu. Aligeuza karatasi. Siafu pia. Aliitazama kalenda ukutani, kisha maneno yaliyochapwa kwenye kikombe cha chai.

Siafu tupu.

"Andika tu, binti. Jina lako."

Alijaribu kukumbuka herufi ya kwanza ya jina lake. Hakukuwa na herufi. Mkono wake ukaiweka kalamu chini bila kumuuliza. Ukaenda kwenye kibweta cha wino wa muhuri. Dole gumba likazama kwenye wino, likagandamiza karatasi.

Mkuu wa shule akacheka. "Wewe! Dole gumba, kama bibi anayepiga kura?"

Kisha akaacha kucheka. Akaisogeza karatasi dirishani. Katikati ya ile alama palipita mstari mweupe, mrefu, wa kovu la zamani lililoshonwa vibaya.

Mama akainama kutazama. Akaligusa lile kovu la wino kwa kidole.

"Mundu," akanong'ona. "Mama alijikata akivuna ulezi. Mimi nikiwa mgongoni."

Na akatabasamu.

"Mama Clever," mkuu wa shule akasema polepole, "huyu mtoto hawezi kuandika jina lake. Siwezi kumpokea."

"Si neno, madamu. Tutakaa naye nyumbani."

Debora alitaka kusema hapana. Alitaka kusema, mimi ninaweza, niulizeni kitu kingine. Mama alikuwa ameshamshika kiwiko kwa mikono miwili, anamwinua polepole, jinsi wazee wanavyoinuliwa.

"Twende, mama. Angalia kizingiti."

Mlangoni Debora akafunua kiganja kwenye mwanga. Dole gumba lake lilikuwa zima, laini, halina kovu.

Wala halikuwa na wino.