Vidonge vya Asubuhi

Lifti ya jengo la maduka ilikwama mchana, saa ambayo kila mtu ana haraka ya kurudi kazini, na ilikwama ikiwa imejaa. Wakili mmoja mnene alikuwa anajifuta jasho, mama mwenye mifuko ya sokoni anamwomba Mungu kwa sauti, na makarani wawili wa benki wanabonyeza kila kitufe walichokiona. Katikati yao alisimama mwanamke mfupi mwenye gauni la njano lililomkaa barabara kiunoni, nywele zimesukwa kwa ustadi hadi mgongoni. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anacheka.

"Mlio ndani, msibonyeze kitu!" sauti ya kiume ilisema kutoka juu. "Mimi fundi."

"Fundi wa nini?" mwenye gauni la njano akauliza. "Maana kama ni wa cherehani, tumekwisha."

Hata wakili akacheka. Sauti ya juu ikarudi. "Fundi wa lifti, dada. Nani huyo anayenichekesha nikiwa nimeshika nyaya?"

"Msusi wa ghorofa ya nne. Nina mteja anasubiri. Ukichelewa, utakwenda kumsuka wewe."

"Nitamsuka. Ila akijiona kwenye kioo, usiniache peke yangu."

Mlango ulipofunguka, lifti ilikuwa imesimama chini kidogo ya sakafu, ikabidi watu wavutwe mmoja mmoja. Fundi alikuwa kijana mrefu wa ovaroli ya bluu, mikono imejaa grisi. Alipomvuta msusi, alimwachia alama nyeusi za vidole kwenye mkono wa gauni.

"Ona ulivyonifanya!"

"Nitalifua mwenyewe."

"Na mimi nivae nini wakati unalifua?"

Jioni Fundi alifika saluni na kipande cha sabuni, amenyoa ndevu, akasimama mlangoni amekishika mbele yake. Wanawake waliokuwa kwenye viti walivunjika mbavu. Na msusi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amepungukiwa maneno, alijikuta anatazama sakafu.

Pale saluni jina lake lilikuwa Chapuchapu. Vidole vyake vilikwenda mbio hata mteja akisinzia kidogo tu huamka kichwa kiko tayari. Fundi alilipenda jina hilo akalifanya lake, akawa analitumia mara nyingi kwa siku.

"Chapuchapu wangu, umekula?"

"Nimekula. Uko wapi, mbona sauti inavuma?"

"Niko juu ya lifti ya hoteli. Giza tupu."

"Yaani unanipigia simu ukiwa gizani juu ya shimo? Shuka, roho yangu. Bado sijachoka na wewe."

"Bado? Kwa hiyo utachoka?"

"Labda tukizeeka."

Haukupita mwaka wakawa wanazungumza habari za ndoa. Na hapo ndipo mwili wa Chapuchapu ulipoanza kumgeuka.

Haukuanza kwa kishindo. Alianza kulala, akaamka amechoka kuliko alivyolala. Wenzake walipowasha feni, yeye alivaa sweta. Alikula kidogo akanenepa, uso ukavimba asubuhi, sauti ikakwaruza, na kila alipopitisha kitana kichwani mwake kilirudi na nywele. Vidole vikaingiwa na ganzi, akawa anaangusha vibanio. Alisahau miadi ya wateja, na wateja, ambao wana miguu, wakahamia saluni za jirani. Wakaanza kumwita Polepole, mwanzoni kwa utani.

Siku ambayo Fundi alitaka kumpeleka kwa mama yake, Chapuchapu alivaa vizuri, akaketi kitandani afunge viatu, na dada yake aliporudi akamkuta amelala na kiatu mkononi, simu inaita. Kule, mama mtu alikuwa amepika na kualika majirani.

"Nisamehe, mpenzi," alisema baadaye kwenye simu. "Niliketi tu kidogo."

"Uliketi," Fundi akasema. "Mama anauliza kama ninaoa mke au gogo."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia unaumwa."

"Sasa si ndivyo ilivyo? Mbona unasema kama vile umemdanganya?"

Dada yake Chapuchapu, mtu asiye na subira na mambo ya kubahatisha, alimshika mkono akampeleka hospitali. Damu ilipimwa. Daktari alimgusa chini ya koo akamwambia, "Hapa kuna tezi. Inatoa homoni inayouendesha mwili mzima. Yako imelegea, ndiyo maana kila kitu kinakwenda taratibu, moyo, tumbo, hata kumbukumbu. Halafu una upungufu wa chuma na vitamini D, na hii ganzi ni vitamini B12. Hujawa mvivu, mama. Unaumwa."

Chapuchapu alilia pale pale, kwa furaha. Muda wote ule alikuwa ameanza kuamini maneno ya watu.

Kwenye dirisha la dawa mambo yalikuwa mengine. Foleni ilikuwa ndefu, mtoa dawa anazungumza haraka, dada ametoka kutafuta usafiri, na kichwa cha Chapuchapu kimejaa ukungu. Kiko kidonge cha tezi, kiko cha chuma, kiko cha vitamini D chenye kalsiamu, kiko cha B12. Maneno yalipita. Lililobaki kichwani lilikuwa moja: asubuhi.

"Vyote asubuhi," ndivyo alivyomwambia Fundi.

Na Fundi akajitolea mzima mzima. Kila siku kabla ya kazi alipitia kwenye nyumba waliyokaa akina dada wawili, amebeba chupa ya chai nzito ya maziwa aliyoipika mwenyewe, amevaa ile ovaroli ya bluu safi. Alivitoa vidonge kwenye pakiti, akavimimina kwenye kiganja chake, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Fungua mdomo, mgonjwa wangu."

"Mimi mtoto?"

"Mtoto wangu. Meza vyote mara moja, ushushie chai. Nataka Chapuchapu wangu arudi."

"Na asiporudi?"

"Nitamfuata huko huko aliko."

Alimeza. Alivimeza kwa imani kuliko alivyowahi kumeza kitu. Siku ambazo Fundi aliitwa kazini mapema, alimwekea vidonge kwenye kisahani pamoja na chai, naye akavimeza peke yake. Mara nyingine vidole vyenye ganzi viliponyokwa na kidonge kikabiringika chini ya kitanda, asiwe na nguvu za kuinama. Alichukua kingine kwenye pakiti akameza, wala hakumwambia mtu. Msusi gani anayeshindwa kushika kidonge?

Miezi ikapita, hali ikawa ile ile. Kipimo cha pili kilirudi kibaya. Daktari alimuuliza kama anameza dawa, akasema ndiyo, akaongezewa nguvu ya kidonge, akaitwa mgonjwa mwingine. Fundi aliyasikia majibu hayo. Kuanzia siku hiyo alianza kumtazama koo wakati anameza.

Jumapili moja alikuja kumsaidia kufua mashuka. Alisogeza kitanda. Chini yake, kwenye vumbi, kulikuwa na vidonge, vingine vimeshaanza kumomonyoka.

"Hivi ni nini?"

Chapuchapu alikuwa amejikunja kwenye kiti, amejifunika blanketi. "Viliniponyoka. Nilichukua vingine."

"Viliniponyoka." Fundi alirudia taratibu. "Naamka gizani nakupikia chai. Napigana na mama yangu kwa ajili yako. Kumbe nikitoka unavitupa."

"Sivitupi! Nameza kila siku, laazizi, nakuapia."

"Kama unameza mbona huponi?"

Hata yeye alikuwa anajiuliza hivyo kila asubuhi.

"Hutaki kupona," Fundi akasema, machozi yanamlenga. "Ukipona itabidi uolewe. Si useme tu hunitaki, badala ya kunichezea shere?"

"Niamini."

"Nimechoka kukuamini."

Alivikusanya vile vidonge, akaviweka mezani mbele yake, akachukua chupa yake ya chai, akaondoka. Chapuchapu alitaka kumkimbilia. Alifika mlangoni akapumzika, alipofika kwenye ngazi mtu hayupo. Alipiga simu, haikupokelewa. Baadaye alisikia Fundi ameomba kuhamishiwa majengo ya upande wa pili wa jiji.

Kliniki iliyofuata alimkuta muuguzi mgeni, mama wa makamo mwenye miwani. Mama huyo alisoma majibu, akavuta kiti. "Hebu nisimulie asubuhi yako, tangu unapofungua macho."

Chapuchapu alisimulia. Alisimulia kuhusu kiganja na magoti na chai ya maziwa. Muuguzi aliweka kalamu chini.

"Vyote pamoja? Na chai ya maziwa?"

"Ndiyo. Kila siku."

"Mwanangu, ndiyo maana. Kidonge cha tezi hakitaki mwenzake. Unakimeza ukiamka, tumbo tupu, na maji tu. Unakaa nusu saa, hata saa nzima, ndipo unakunywa chai. Cha chuma na hicho chenye kalsiamu unavisogeza mbali, mchana au jioni. Ukivimeza pamoja vinakishika kile cha tezi kinapita bure. Ulikuwa unameza kweli, lakini mwili haukipati."

Chapuchapu aliguna, akacheka, kisha akaangua kilio mpaka watu wa kwenye benchi wakageuka. Alikuwa anameza kweli. Mtu wa kwanza kumwambia hivyo alikuwa mgeni mwenye miwani.

Akafuata alivyoelekezwa. Sweta ndiyo iliyotangulia kwenda kabatini. Kisha uso ukapungua, sauti ikarudi, na asubuhi moja aliamka kabla ya kengele ya simu akaketi kitandani akishangaa. Ganzi ilichelewa kutoka, nayo ikatoka. Wateja walirudi mmoja mmoja. Mara nyingi alitafuta jina la Fundi kwenye simu amweleze, na kila mara aliisikia ile sauti: nimechoka kukuamini. Akaiweka simu chini.

Aliyepiga ni Fundi.

"Chapuchapu."

"Nani mwenzangu?" aliuliza, ingawa alimjua kabla hajamaliza kutamka.

"Usinifanyie hivyo. Mtu kaniambia umepona. Umependeza, kasema. Naomba nikuone, hata dakika tu."

Walikutana kwenye mgahawa mdogo karibu na stendi, mchana, watu wakiingia na kutoka na sahani zao. Chapuchapu alivaa blauzi nyeupe na sketi nyeusi, kitambaa kifupi kichwani kwa kuwa nywele zilikuwa bado zinaota. Fundi alikuwa na shati lililopigwa pasi, amekonda. Alimtazama kwa muda mrefu, macho yakalowa.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi."

"Nilikukumbuka mpaka nikawa nakosea kazi." Alitoa kisanduku kidogo mfukoni, akakifungua. Pete ilikuwa nyembamba, nzuri. "Nilikasirika, mpenzi. Lakini yameisha. Yale ya vidonge nimekusamehe. Muhimu ni kwamba mwishowe ulikubali kumeza."

Chapuchapu alikuwa amekuja na moyo uliokwisha kusema ndiyo. Dada yake alikuwa amemwona akijitazama kwenye kioo asubuhi, akaondoka chumbani akitabasamu. Sasa aliiangalia ile pete, akahisi ile baridi ya zamani inampanda miguuni.

"Umenisamehe," alisema.

"Kabisa. Hata mama."

"Fundi, nilikuwa nameza. Kila siku." Akamweleza yote, kuhusu maziwa na chuma, na dirisha la dawa, na maneno yaliyompita. Alieleza kwa upole, kwa maana aliona uso wa mwenzake unavyobadilika. "Mimi ndiye niliyekwambia vyote asubuhi. Wewe ulifanya nilivyosema, na ulifanya kwa mapenzi. Kwa hilo sikulaumu, na usijilaumu."

Fundi alifunika uso kwa mikono. "Ile chai," alisema. "Ile chai yangu, Chapu."

"Ilikuwa tamu."

"Nisamehe. Nipige, nitukane, lakini nisamehe. Nitakuoa, nitakulea, nitafanya kila..."

"Nikuulize kitu kimoja?"

"Uliza."

"Ningekuwa bado sijapona. Bado nimevimba, bado nalala mchana, vidonge vinaniponyoka. Ungekuja leo?"

Fundi alifungua mdomo. Alimtazama Chapuchapu, akaitazama pete, akatazama mikono yake. Alikuwa mtu mkweli, ndivyo alivyokuwa tangu siku ile ya sabuni, na mtu mkweli akiulizwa swali gumu huwa hana haraka. Mhudumu alikuja akaondoa sahani za meza ya jirani. Jibu halikuja.

"Asante kwa kutonidanganya," Chapuchapu alisema. Alikifunga kisanduku, akakirudisha mkononi mwa Fundi, akaacha kiganja chake hapo juu kwa muda. Kisha akatoka.

Alitembea hadi kwenye kibanda cha magazeti akasimama. Simu ililia.

"Vipi?" dada yake aliuliza, sauti imejaa furaha. "Amesemaje?"

"Ametaka kunioa. Amekuja na pete."

"Eh! Na wewe?"

"Nimekataa."

"Umekataa? Kwani humpendi tena?"

"Nampenda, dada. Nampenda mpaka naumia." Alikuwa analia waziwazi, watu wanampita. "Lakini hii tezi ni ya maisha. Nitaumwa tena, iko siku. Na siku hiyo nitamwambia nimemeza, naye atakwenda kutazama chini ya kitanda."

Dada yake alibaki kwenye simu akimsikiliza akilia, mpaka alipomaliza.