Gauni la Vifungo Saba

"Nijibu hapa hapa, Fundi. Nani alipiga simu hospitali akasema nimeghairi upasuaji?"

"Mwalimu, punguza sauti. Watu wanatuangalia."

"Waangalie! Mara mbili nimefutwa kwenye orodha. Mara mbili unaniambia daktari amesafiri. Kumbe daktari yupo, iliyosafiri ni akili yako!"

Nesi wa mapokezi alijifanya anapanga mafaili. Ni yeye aliyefungua daftari asubuhi hiyo akasema, bila kujua anawasha moto gani: "Mumeo ndiye aliyeghairi, mama. Namba tuliyonayo ni yake."

Mwalimu hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana usiku, hata maji, kama alivyoagizwa. Uvimbe kwenye titi la kushoto, uliokuwa kama punje ya mahindi muhula ulipoanza, sasa ulikuwa kama goroli. Ulitakiwa utolewe, upelekwe kupimwa, naye arudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kazi ya saa chache tu. Na mumewe, fundi cherehani anayeweza kukadiria kiuno cha mtu kwa kumwona akipita, alikuwa ameichelewesha miezi mitatu.

"Mama yangu aliingia chumba kile cha upasuaji akitembea," Fundi alisema, macho sakafuni. "Akatoka amefunikwa shuka."

"Kwa hiyo mimi ukaamua nife polepole, nyumbani, mbele ya macho yako?"

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nikuimbie?"

Nesi akakohoa. "Mama, mgonjwa wa saa nne amekunywa chai, tumemrudisha. Nafasi yake naweza kukupa. Lakini ukishapewa dawa ya usingizi huondoki peke yako. Lazima mtu mzima asaini kwamba atakupeleka nyumbani na kukaa na wewe mpaka kesho. Na hilo gauni la kuvalia kichwani utalivaaje ukitoka? Mkono wa kushoto hutaweza kuuinua. Tuliandika kwenye ujumbe: nguo ya vifungo mbele."

"Ujumbe gani?"

Nesi alimtazama Fundi. Fundi akatazama viatu vyake.

"Saini," Mwalimu alimwambia.

Mkono uliozoea kupitisha uzi kwenye tundu la sindano uliishika kalamu, ukairudisha mezani. Fundi akamwangalia mkewe, akaliangalia gauni, akageuka na kutoka.

Mwalimu alitoa simu mkobani. Akapiga.

"Wifi, kaka yako amenikimbia."

"Amekimbilia wapi na miguu yake ile?"

"Sijui. Njoo unisainie. Nakufa mimi, wifi."

"Hufi. Naacha nguo za watu kwenye beseni, nakuja. Na huyo nikimkamata, namshona mdomo kwa cherehani yake mwenyewe."

Wifi, dobi wa mtaani, alifika mikono ya blauzi bado imelowa. Akasaini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

"Mama yetu alificha uvimbe miaka miwili," alisema. "Alipoletwa hapa alikuwa amekwisha, upasuaji ungefanya nini? Kaka anajua. Ila hataki kukumbuka kwamba alikuwa akiuona, akanyamaza."

Kabla ya kukabidhi simu yake, Mwalimu alimwandikia mumewe: "Nisipoamka, usimwambie mtu yeyote kwamba ulinipenda."

Akampa Wifi simu na mkoba. Kitanda kikasukumwa.

Aliamka saa saba, kichefuchefu kimemkaba, bandeji imembana kifua, mkono mzito kama gunia. Wifi alimpa maji kwa kijiko.

"Yupo nje tangu saa tano. Nimemtukana mpaka nimechoka. Aingie?"

Mwalimu alifumba macho. "Aingie."

Fundi aliingia na mfuko. Akatoa gauni la mkewe la bluu, lile analofundishia. Alikuwa amelipasua mbele kuanzia shingoni hadi kwenye pindo na kulitia vifungo saba, vipana kama vizibo vya chupa.

"Vikubwa," alisema, "uweze kufunga kwa mkono mmoja."

"Ujumbe wangu uliuona?"

"Niliusoma nikiwa kwenye cherehani. Sindano ikanipitia kidole." Alikionyesha, kimefungwa kitambaa. "Sikuwa na neno la kujibu. Nilikuwa na uzi tu."

Machozi yalimtoka Mwalimu, na kila kwikwi ilivuta mshono.

"Gauni zuri. Kosa lako liko pale pale."

"Najua."

"Hujui. Majibu ya kipimo yanakuja baada ya wiki mbili. Yakija kwenye simu yako, nayo utayaficha?"

Fundi aliukunja mfuko mtupu.

"Nesi!" Mwalimu aliita, sauti ikikwaruza. "Niletee faili langu. Futa namba ya huyu. Andika yangu."

Nesi alimtupia Fundi jicho.

"Usimwangalie yeye. Mgonjwa ni mimi."

Kalamu ikapita juu ya namba ya zamani. Mwalimu akataja yake, tarakimu moja moja, kama anayesomea darasa imla, akamtaka nesi airudie. Muda si mrefu simu ililia ndani ya mkoba wake: "Njoo kubadilisha bandeji Alhamisi, saa tatu asubuhi." Ujumbe wa kwanza wa hospitali kumfikia yeye mwenyewe.

"Wifi analala kwetu leo, ndiye aliyesaini," alisema. "Wewe utalala sebuleni."

"Sawa, Mwalimu."

"Haya, nivalishe. Anza na kifungo cha chini. Huku juu panauma."

Fundi akapiga magoti, akaanza.