Simba wa Bibi Philomena

Kila asubuhi kabla ya kengele, Judith alifagia darasa la sita na kumwagilia miche ya mlangoni. Wiki hiyo alifagia huku akiimba. Mwalimu Farida alikuwa amewasimulia habari za Cleng Peerson, mtu wa Norwei. Mwaka 1821 alivuka bahari kwenda Marekani kutafuta pa kuishi, akarudi kuwapa wenzake habari, na mwaka 1825 kundi la kwanza likapanda meli kumfuata. Sasa alitaka kila mwanafunzi alete habari za mtu aliyetangulia kuhamia kitongoji chao, hapa Dirma. Jina lake lingeandikwa ukutani kwa rangi.

Judith hakuwa na haja ya kutafuta. Bibi yake, Philomena, alitoka Nambis akiwa mjane kijana, baada ya shemeji zake kumnyima shamba. Alikuja kwa miguu, mtoto mgongoni, jembe begani, na mfuko wa mbegu za ulezi. Zamani hizo watu hawakuhama kwa kusikia tu. Mmoja alitangulia, akapanda, akavuna, akala. Ulezi ukikubali, ndipo wengine wafuate. Bibi alikaa msimu mzima, kisha akarudi Nambis kuwaita watu, na familia saba zikamfuata.

Judith aliandika hayo yote kwenye daftari. Alipoanza kuyasoma darasani, Xavery, mjukuu wa Mzee Margwe, alicheka.

"Bibi yako aongoze watu? Huyo si hupotea hata akienda kuchanja kuni? Aliyetangulia ni babu yangu. Muulize yeyote."

Darasa zima likacheka. Judith alihisi masikio yakiwaka moto. Akaliacha daftari lake, akasema Bibi alimuua simba kwa panga, tena akaleta familia arobaini.

"Arobaini?" Xavery akauliza. "Hata leo hapa hatufiki arobaini."

Mwalimu Farida alimuuliza habari hizo kazitoa wapi. Judith akarudi kukaa kwenye dawati lake. Basi mwalimu akaandika ubaoni jina la Mzee Margwe.

Judith alifika nyumbani akilia kwa hasira. Alimweleza Bibi yote, akingoja kubembelezwa. Bibi aliacha kuchambua maharage.

"Simba gani?"

"Walikuwa wananicheka, Bibi."

"Miaka hamsini wameniacha bila jina, nikavumilia. Leo wewe umewapa Philomena mwingine, wa panga na simba. Mimi umeniweka wapi?"

Asubuhi Bibi alishika njia ya shuleni akipitia kwa Mzee Margwe, na mzee akaja naye, ingawa kwa shingo upande. Darasa lote likasimama na kuwaamkia shikamoo. Bibi alimtazama Judith, akamwonyesha mbele ya darasa kwa kidevu.

Judith alitoka mbele. "Simba hakuwepo," alisema. "Niliongopa. Na familia zilikuwa saba. Lakini yote yaliyo kwenye daftari ni kweli."

Mwalimu akamgeukia Mzee Margwe. Mzee alikohoa, akatazama kofia yake mkononi.

"Ni kweli," akasema. "Nilipofika hapa na mke wangu, ugali wa kwanza tuliokula ulikuwa wa ulezi wake."

"Mbona watu wanasema ni wewe, babu?" Xavery akauliza.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Na mdomo ulikuwa umemwazima nani?" Bibi akamuuliza. "Kila sikukuu wanakusifu mbele yangu, nawe unaitikia kwa kichwa."

Mzee alichukua kifutio, akafuta jina lake mwenyewe ubaoni.

Mwalimu Farida alingoja darasa litulie. "Mnyamavu aliiba jina la mwenzake kwa kunyamaza," alisema, "na Judith nusura alizike kwa kulitia chumvi. Ukweli una nguvu zake. Ukiuongezea uongo, unampa anayekupinga fimbo ya kukuchapia. Usemeni jinsi ulivyo, na usemeni mapema."

Ijumaa ile Judith aliandika ukutani: PHILOMENA ALITANGULIA. Xavery ndiye aliyeshika kopo la rangi.