Prosesa ya Sture na Ng'ombe wa Bibi Märta

Nyumbani kwa Sture na Eivor kahawa hunywewa saa nne asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Sture hutoka kwenye karakana yake ya mbao, huvua buti mlangoni, na kuingia jikoni na soksi za sufu. Eivor humimina kahawa.

Siku hiyo hakumimina. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mkono shavuni.

"Imeganda tena?" Sture aliuliza.

"Imeganda. Njoo umwone mama yako."

Kwenye skrini alionekana Bibi Märta, mama yake Sture, amesimama kwenye malisho ya mlimani. Alikuwa anaanza kuwaita ng'ombe kwa wito mrefu wa kuimba, kama wanawake wa zamani walivyofanya. Mdomo ulikuwa wazi. Sauti haikutoka.

"Kama anapiga miayo," alisema Sture.

"Usicheke, mume wangu. Nimemwahidi."

Eivor alipiga filamu hiyo kiangazi kilichopita. Majira ya baridi Bibi Märta alipata kiharusi. Sasa anaishi kwenye makao ya wazee, na sauti yake imebaki mnong'ono. Sikukuu ya katikati ya kiangazi ataletwa nyumbani kwa siku moja. Ameomba kitu kimoja tu: asikie tena wito wake.

Sture alitoa boksi dogo mfukoni. "Dawa ninayo. Prosesa mpya."

Prosesa ni kipande kidogo ndani ya kompyuta. Ndicho kinachofanya hesabu zote. Kikielemewa, kompyuta nzima husuasua. Kampuni mbili kubwa zinashindana kuzitengeneza, Intel na AMD. Kijijini watu waliita za Intel bluu na za AMD nyekundu, kama timu za mpira.

"Ulimuuliza mtu?" alisema Eivor.

"Niulize nini? Sisi ni watu wa bluu, kama tulivyo watu wa Volvo. Mwekundu ni Roland."

Huko kwao familia ni ya magari ya Volvo au ya Saab. Mtoto hurithi upande wa baba yake kabla hajajua kutembea. Roland, jirani yao, bado aliendesha Saab, ingawa magari hayo hayatengenezwi tena. Tena alimwambia kila mtu kwamba prosesa nyekundu ndiyo prosesa. Hilo lilimtosha Sture kununua ya bluu.

Alichukua kisu akate plastiki ya boksi. Mlango ukafunguliwa.

"Sture, weka kisu chini."

Alikuwa Ragnhild, jirani wa upande wa pili, ameshika sahani ya mikate ya mdalasini. Kila Jumatano Ragnhild huongoza darasa la kompyuta kwenye ukumbi wa kijiji.

"Boksi lisilofunguliwa hurudishwa dukani," alisema. "Umetazama bodi iliyomo ndani ya kompyuta, ile inayobeba prosesa?"

"Bodi ni bodi."

"Na tairi ni tairi? Haya, kafunge la trekta kwenye Volvo yako."

Eivor akacheka. Ndipo alipokumbuka kahawa.

Walipokwisha kunywa, Ragnhild alifungua ukurasa unaoonyesha sehemu za kompyuta zinavyofanya kazi. Akamwambia Eivor aichezeshe filamu.

"Memori imetumika nusu. Diski imetulia. Tazama prosesa."

"Asilimia mia," alisoma Eivor.

"Basi Sture hakukosea ugonjwa," alisema Ragnhild. "Amekosea dawa tu. Kwa wengine memori huwa imejaa, au diski ni ya kizamani. Hao wakinunua prosesa, pesa zimepotea. Ndiyo maana tunapima kwanza."

Sture aliinua kichwa kidogo.

Walizima kompyuta, wakachomoa waya, wakafungua ubavu wake. Sture akanyoosha mkono.

"Ngoja! Soksi za sufu juu ya zulia! Mwili wako umejaa umeme. Cheche ndogo inaweza kuua kipande. Shika kwanza chuma cha kasha, mahali pasipo na rangi."

Sture alishika. "Aii!"

"Umeona? Bora uumie wewe kuliko bodi."

Jina la bodi lilikuwa limechapwa juu yake. Eivor aliitafuta bodi hiyo kwenye tovuti ya walioitengeneza. Ilikuwa bodi ya prosesa nyekundu.

"Mungu wangu," alisema Sture. "Tumelala na mwekundu nyumba moja miaka yote hii."

"Niliinunua imetumika," alisema Eivor. "Haikuwa na stika ya kampuni. Wala hukuuliza."

Ragnhild alieleza polepole. Prosesa ya bluu haikai kwenye bodi ya nyekundu. Wakiitaka, watanunua na bodi mpya, pengine na memori mpya. Lakini bodi waliyo nayo inakubali prosesa nyekundu yenye nguvu zaidi, na tovuti inaonyesha ni zipi.

"Kwa hiyo nyekundu ni bora?" Sture aliuliza kwa uchungu.

"Sijasema hivyo. Ungenunua kompyuta nzima mpya, tungelinganisha zote mbili. Ungesoma vipimo vya watu waliozijaribu kwa kazi kama ya Eivor, watu wasiouza. Ungetazama bei, joto, na umeme zinaokula. Mwaka huu huyu yuko mbele, mwakani yule. Rangi haichezeshi filamu."

"Roland atanicheka mpaka Krismasi."

"Roland alijiundia kompyuta mpya mwaka jana," alisema Ragnhild. "Kamuulize aliweka nini." Akala mkate wake.

Jumatatu Sture alirudisha boksi. Alinunua prosesa nyekundu, moja ya zile zinazokubaliwa na bodi yao. Jioni Ragnhild alikuja tena. Kwanza alimwambia Eivor ahifadhi nakala ya filamu kwenye diski nyingine. Kisha, prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake, walisasisha programu inayoiamsha bodi. Bila hiyo, huenda prosesa mpya isingetambuliwa.

Waliitoa ya zamani. Sture akaiweka mpya taratibu, bila kuisukuma. Ndipo wakagundua hawana grisi ya kupitishia joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto chake. Maduka yalikuwa yamefungwa.

Eivor alipiga simu. Roland alikuja mwenyewe na Saab yake, akiwa na tyubu mkononi.

"Hodi, shemeji," alimwambia Eivor. "Imebaki nusu, itawatosha."

Sture alimtazama. "Imebaki ulipofunga prosesa gani?"

Roland alikohoa. "Ragnhild ana mdomo."

"Sijasema kitu," alisema Ragnhild.

"Haya. Ya bluu," alisema Roland. "Ilifaa kazi yangu. Unataka grisi au hutaki?"

"Nataka," alisema Sture. Akamvutia kiti.

Roland hakuondoka. Alishika tochi mpaka skrubu ya mwisho.

Kompyuta iliwaka. Eivor alibonyeza. Bibi Märta alifungua mdomo, na sauti ikatoka, ndefu na ya juu, ikapita msituni.

Siku ya sikukuu Bibi Märta aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alikula samaki wa siki na viazi vipya, kidogo tu. Kisha Eivor akachezesha filamu.

Wito ulipoanza, mkono wa bibi ulishika ukingo wa kiti. Ng'ombe walitoka msituni, mmoja mmoja, kengele zikilia. Walipoonekana kuwa wote wamefika, bibi alitikisa kichwa.

"Rosa," alinong'ona.

Wote wakangoja. Mwishoni kabisa, ng'ombe mwenye mabaka alijitokeza nyuma ya miti, bila haraka.

"Huyo," alisema Bibi Märta. "Siku zote wa mwisho."

Sture alivua miwani akaifuta.

"Tena," alisema bibi.

Eivor akarudisha mwanzo. Picha haikuganda.